Friji la Vifaranga

Kimbunga kilipopita kilituachia vitu visivyokuwa vyetu. Bati la jirani lilikaa juu ya tangi letu la maji. Kiti cha plastiki kilitua uani, na mpaka leo mwenyewe hajajitokeza. Halafu giza. Bati tulilirudisha. Kiti nimekikalia ninapoandika haya, na hakina neno. Giza ndilo lililotuletea maneno.

Nguzo za umeme za mtaani kwetu zililala barabarani zote upande mmoja, kama walevi waliotoka baa moja. Mafundi walikuja na gari lao, wakashuka, wakazitazama, wakashika viuno, wakapanda gari wakaenda zao. Fundi akishika kiuno namna ile ujue na yeye anamsubiri fundi. Sisi tukatoa mishumaa, tukawasha jiko la mkaa, tukala upesi kila kilichotaka kuharibika. Kwa chakula na giza, nyumba yetu haijawahi kushindwa. Wasiwasi ulikuwa friji.

Sisemi friji la chakula. Nasema lile bovu la chumba cha nyuma. Mwanangu ni fundi bomba, na fundi bomba hatupi kitu. Friji lilipokufa alilitoa matumbo, akatoboa matundu, akafunga balbu na feni ndogo na kipimajoto cha mshale, akakata kidirisha mlangoni akatia kioo, akamkabidhi mkewe. Kilichokuwa kinagandisha nyama kikaanza kuatamia mayai. Nilicheka nikasema hiyo ni sawa na kumpa mchawi kazi ya ukunga. Lakini lilifanya kazi, na lilishika joto kuliko kuku mwenyewe.

Mkamwana wangu aliacha kazi kwa ajili ya friji hilo. Alikuwa anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anasimama kutwa, na hata kwenda chooni mpaka amwombe bosi. Siku ya kuaga, bosi alicheka, akamwambia nafasi yako naiweka, utarudi tu. Maneno hayo mkamwana alikuja nayo nyumbani kama mtu aliyemeza mfupa. Na haya yalikuwa mayai yake ya kwanza. Wafugaji walishaagiza vifaranga. Yakifa, hana cha kuanzia tena, anarudi kaunta, na bosi anapata cha kuchekea mwaka mzima. Kimbunga nacho kilichagua kuja wakati ule mayai yameshaacha kugeuzwa, vifaranga wamejipanga humo ndani wanasubiri kugonga.

Jenereta tulikuwa nalo. Sikilizeni vizuri: tulikuwa. Kabla tu ya upepo mwanangu alimwazima rafiki yake kinyozi, ng'ambo ya mto, na hakumwambia mkewe. Upepo ukaja, magogo yakaziba daraja, jenereta likabaki huko. Mkamwana alipojua alisema neno moja tu.

"Kwa hiyo vichwa vya watu vitang'aa, na mayai yangu yatapoa."

Kisha akanyamaza. Mwanangu naye, badala ya kuomba radhi, akanyamaza. Nimemzaa, namjua. Akikosea huwa bubu mpaka kosa lichoke lenyewe liondoke.

Mkamwana hakukaa kulia. Alikusanya chupa za plastiki, akazijaza maji ya moto, akazifunga vitambaa, akazipanga kwenye rafu ya chini ya friji. Zikipoa anabadilisha. Mshale wa kipimajoto ukawa unakaa pale pale kwenye alama ya kijani aliyoichora, chini ya nyekundu ya hatari. Kazi nzuri, sikuwa na la kumfundisha. Mimi nikapewa zamu ya kukaa na friji, na sikukataa, maana chumba kile kilikuwa na joto na magoti yangu yanapenda joto.

Sasa watu wawili wasiosemezana, katika nyumba yenye giza, bado wana mambo ya kuambiana. Nani anakwenda kuteka maji. Mkaa umebaki kiasi gani. Basi wakanifanya mimi posta. Mjukuu wangu angeweza kuifanya kazi hiyo, miguu anayo, lakini hawakuthubutu. Tunamwita Kasuku. Ukisema kitu mbele yake anakirudisha kama kilivyotoka, na sauti yake pia, na mama yake akikasirika huongea kwa pua. Hakuna mtu anayetaka kuletewa ujumbe na pua yake.

Mimi nina adabu zaidi. Ujumbe wa kwanza ulikuja mwanangu akiwa juu ya paa la jikoni anapigilia bati lililong'oka. Mkamwana aliniambia, "Mama, mwambie mwanao akishuka huko asinikanyagie na matope yake sebule niliyoipiga deki."

Nikatoka uani, nikainua kichwa, nikamwambia mkeo anasema bati limelowa, uangalie usiteleze.

Mwanangu alisimama na nyundo mkononi. Akauliza kama kweli amesema hivyo. Nikamwambia nina umri wa kudanganya? Akashuka taratibu sana, na viatu akavivua mlangoni mwenyewe. Mnaona. Ujumbe ulifika, ila ulipitia njia nzuri.

Jibu lake lilikuwa hivi: nimwambie mkewe kwamba jenereta ni lake yeye, kalinunua kwa jasho lake, anamwazima amtakaye. Nikaenda jikoni nikasema mumeo anasema lile jenereta limemkaa moyoni. Hapo sikuongopa hata kidogo. Mkamwana aliguna, lakini mwiko ulizunguka polepole kwenye sufuria, na jioni hiyo mumewe alipata kipande kikubwa.

Kazi ikaninogea. Nilipeleka, nikarudisha, nikatia sukari hapa, nikachuja pale. Siku ya tatu baada ya kimbunga, nyumba ilikuwa imetulia kiasi kwamba jirani aliniuliza kama hawa wamepatana. Nikasema wako njiani.

Ndipo mkamwana akanipa ule ujumbe. Alikuwa anafunga kanga kichwani, anatoka kwenda kwenye foleni ya mkaa. Akasema, "Mwambie asiguse mayai yangu. Hata kuyaangalia, asiyaangalie."

Ujumbe kama huo utaupitishia wapi? Nilitembea nao kutoka jikoni mpaka uani nikiugeuza. Mwishowe nikamwambia mwanangu mkeo anasema mayai yale ni yenu wote.

 Alitazama chini, akakunja mikono ya shati, akaingia stoo. Nikamwona anatoka na dumu. Baadaye nikamwona na birika la moto. Nikadhani anakwenda kuoga, nikamshukuru Mungu, maana ilikuwa imefika wakati.

Kumbe mkewe akitoka nami zamu imeniisha, yeye anaingia. Kule nyuma ya rafu, mahali feni ilipokuwa, yeye ndiye aliyepatengeneza, anajua panaingia dumu zima. Analijaza maji ya moto, analisukuma ndani, anafunga mlango, anajiondokea bila kusema. Alitaka mkewe aone mwenyewe. Mkewe akirudi anabadilisha chupa zake kama kawaida, anashangaa leo mbona mayai hayajapoa sana, anaweka chupa za moto juu ya joto la dumu. Kila mmoja anapasha, na kila mmoja anadhani anapasha peke yake.

Mchana wa siku iliyofuata nilikuwa kwenye zamu yangu, nimesinzia kidogo, si sana. Kasuku alikuwa amebandika pua kwenye kidirisha. Akaniambia, bibi, friji linalia. Nikafumbua jicho moja. Kioo kilikuwa kinatiririka maji kwa ndani. Nikafumbua na la pili, nikatazama mshale. Ulikuwa umeipita alama ya kijani, umeipita nyekundu, unaelekea mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupachora.

Yai likipoa kidogo linavumilia. Yai likizidishiwa moto linaiva, na likishaiva halina historia nyingine. Hilo hata mimi nalijua. Niliita majina yao yote mawili kwa sauti ambayo sijaitumia tangu mwanangu alipopanda juu ya tangi akiwa mtoto. Wakaja, mmoja kwa mlango wa mbele na mwingine kwa mlango wa uani, wakakutana kwenye friji.

Mkamwana akafungua mlango. Hewa ya moto ikampiga usoni kama ya sufuria. Akatoa chupa, akaingiza mkono nyuma ya rafu, akagusa dumu, akaurudisha mkono upesi.

Akaniuliza mimi, "Mama, nani kaweka dumu humu?"

Mwanangu akajibu mwenyewe, moja kwa moja, bila posta. Maneno yake ya kwanza kwa mkewe tangu kimbunga.

"Si umesema mayai ni yetu wote?"

"Mimi? Mimi nimesema usiyaguse."

Wakanigeukia. Mimi nikatazama dari. Na hapo Kasuku, ambaye siku zote hizo alikuwa miguuni mwetu na hakuna aliyemwuliza, akafungua kinywa: "Mwambie asiguse mayai yangu. Hata kuyaangalia, asiyaangalie." Na pua ya mama yake humo humo. Hakuishia hapo. Akaleta matope ya sebuleni, akaleta jasho la jenereta, kila kitu kikiwa kibichi kama kilivyotoka.

"Mayai yanachemka," nikawaambia, "nyie mnanitazama mimi. Semeni wenyewe. Posta imefungwa."

Mwanangu alilivuta dumu likatoka. Mkamwana akaushikilia mlango wazi, akachukua mfuniko wa sufuria akapepea. Akamwambia mumewe alete maji ya vuguvugu na kitambaa, na mumewe akaleta. Wakayanyunyizia mayai ili ngozi ya ndani isikauke ikawabana vifaranga. Wakapepea, wakatazama mshale, wakapepea. Na huku mikono inafanya kazi, midomo nayo ikafunguka. Ugomvi wote uliokuwa umepita kwangu kwa vipande ukatoka mzima. Haukuwa mzuri, lakini ulikuwa wao.

Nakumbuka sehemu moja tu. Mwanangu alisema, "Kinyozi aliniomba. Unanijua, siwezi kusema hapana."

Mkewe akaacha kupepea kidogo. "Ndiyo maana ungeniuliza. Mimi naweza."

Mwanangu akachukua mfuniko mkononi mwake, akaendelea kupepea yeye. 

Mshale uliporudi kwenye kijani, hakuna aliyejua kama tumechelewa. Mayai hayana uso wa kusomwa. Mkamwana alichukua moja akalibandika sikioni. Akasikiliza muda mrefu, uso haujabadilika, nikaliona lile duka la vifaa vya ujenzi limemsimamia machoni na kaunta yake. Akaliweka. Akachukua lingine. Hilo hakuliweka. Akalipeleka kwenye sikio la mumewe, akalishikilia pale kwa mkono wake mwenyewe.

"Wanagonga," mwanangu akasema.

Toka hapo walifanya zamu kama watu wenye akili. Mmoja chupa, mmoja mkaa, na kila anayeingia anamwambia anayetoka ameweka nini na wapi. Mimi sikutumwa tena popote. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki, nikasikia wanavyoulizana kuhusu maji na kujibizana kuhusu mkaa, mambo makavu hayana sukari hata punje, na yalikwenda vizuri tu.

Vifaranga walitoka umeme haujarudi. Kwanza nyufa, halafu midomo, halafu zile nywele zao zilizolowa zinazowafanya waonekane kama wazee waliotoka kuoga. Yapo mayai ambayo hayakufunguka. Upande ule wa karibu na dumu yalikufa kadhaa, na mkamwana aliyatoa kimya kimya, akayafukia mwenyewe nyuma ya nyumba. Lakini waliobaki walijaza maboksi, na kelele zao zilijaza nyumba mpaka tukasahau kwamba redio haina betri. Wafugaji walikuja na matenga yao, wakachagua, wakasema watarudi kwa awamu inayofuata. Mkamwana alikuwa ameshaulizia trei nyingine za mayai.

Kinyozi naye akatokea, daraja lilipozibuliwa, anasukuma jenereta kwenye toroli. Likapokelewa kama mgeni anayefika sahani zimeshaoshwa. Aliona haya, akaahidi kumnyoa mwanangu bure mpaka mwisho wa mwaka. Mwanangu alifungua mdomo akubali, halafu akamtazama mkewe kwanza. Mkewe akaitikia kwa kichwa. Hiyo ilikuwa ruhusa ya kunyolewa.

Na jioni ile ile bosi wa duka alipita mbele ya nyumba na gari lake. Akasimama, akashusha kioo, akaniuliza mimi niliyekaa barazani: mayai ya yule binti yalipona na kimbunga hiki? Alikuwa anauliza kwa huruma, lakini meno yake yalikuwa nje. Akasema kaunta iko wazi, hata kesho asubuhi.

Nikaita ndani. Mkamwana alikuwa amepiga magoti katikati ya maboksi, mikono imejaa vifaranga, na mumewe kamshikia taa. Hakutoka. Akanijibu kutoka huko huko.

"Mama, mwambie sirudi." Kisha akaongeza, "Na hili lifikishe kama lilivyo."

Nikamgeukia bosi nikamwambia: anasema harudi. Sikuongeza neno, sikupunguza neno. Sukari nilikuwa nayo ya kutosha, lakini sikutia.

Ila pua, hiyo niliitia mwenyewe.