Mlango wa Chini

Msanifu alipokabidhiwa kazi ya kuchora jengo jipya la shule ya biashara, aliyefurahi kuliko wote alikuwa kaka yake, mwalimu wa masoko aliyezeekea katika majengo ya zamani ya shule hiyohiyo.

"Mdogo wangu, tuchoree darasa ambalo hata wa nyuma hasinzii," alimwambia.

Akachora ukumbi wenye umbo la bakuli, viti vikiteremka ngazi kwa ngazi hadi anaposimama mwalimu. Mlango ulikuwa juu, wa vioo vitupu, ukitazama barabara kuu. Mkuu wa shule alipouona mchoro alitabasamu hadi magego yakaonekana.

Kisha kaka akapatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa ganzi, akawa mtu wa kiti cha magurudumu, ingawa ulimi ulibaki mkali vilevile. Siku wifi alipomleta ofisini kwa msanifu, kaka aliuinamia mfano mdogo wa jengo uliokuwa mezani, akauzungusha taratibu kwa mkono wake mzima.

"Pazuri. Sasa mimi nitafikaje pale chini?"

"Tutaweka lifti, kaka."

"Na umeme ukikatika? Nizifundishe masoko kuta za lifti?"

Wifi alicheka. Msanifu alishindwa hata kutabasamu. Ngazi zile alizichora kwa mkono wake, na hakuwahi kumfikiria mtu asiyeweza kuzishuka.

Akaanza upya. Mlango akauhamishia chini, sakafu ya mwalimu ikawa sawa na ardhi ya nje, na wanafunzi ndio wapande. Vioo vya barabarani vikaondoka. Mkuu wa shule alikubali shingo upande.

Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha kaka alipofariki usingizini. Baada ya matanga mkuu alimfuata msanifu kwenye ujenzi, akavua kofia ngumu, akampa pole. Kisha akakohoa kidogo.

"Samahani kwa kulisema mapema hivi. Kwa kuwa marehemu hatunaye tena, haiwezekani turudie ule mchoro wa kwanza?"

"Inawezekana," alijibu msanifu. Angeweza kumdanganya, lakini hakuona sababu. "Mlango huu nilimwekea kaka yangu, sikatai. Ila sitauhamisha. Ukitaka uhamishwe, tafuta mtu mwingine."

Mkuu akavaa kofia yake. Hakuligusia tena jambo lile.

Siku ya somo la kwanza msanifu aliketi safu ya juu kabisa. Mwalimu mpya wa masoko, mwanamke aliyewahi kufundishwa na marehemu, aliingia kwa mlango wa chini na mkoba begani, akawasalimia wanafunzi, akaanza. Sauti yake ilifika juu bila kupotea hata neno. Msanifu alijikaza kisabuni mpaka somo likaisha. Ukumbi ulipobaki mtupu akainamisha kichwa juu ya dawati, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.