Moshi wa Mashimo Meusi

Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mpwa. Baba mzazi kazi yake kusikiliza. Kwa hiyo Eufrazia alipochaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea fizikia, barua aliipandisha mlimani juu ya Mlali, kwa mjomba Fransisko, aliyekuwa akipalilia kabichi.

Mwaka wenyewe tisini na sita, biashara huria, kila mwenye kibanda anajiita tajiri. Mjomba naye alikuwa amefungua duka la mitumba kule mjini Msamvu, na muuzaji alishamtaja: Eufrazia huyo huyo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nieleze unachotaka kusomea. Nikielewa, utakwenda. Nisipoelewa, Jumatatu uko dukani."

Mdomo wa Eufrazia ulitangulia kabla hajajipanga. Huko mbali angani, alisema, kuna mashimo meusi, mazito kuliko jua mara milioni, yanameza hata mwanga. Mawili yakizungukana mpaka yakaungana, anga hutetemeka, na mtetemo husafiri mpaka kwetu. Pengine na mwanga hufuatana nao.

"Yanameza mwanga, halafu yanatoa mwanga?" Mjomba akaegemea jembe. "Mpwa wangu, hapo hata mlevi hanunui."

Eufrazia alikaribia kulia. Halafu akakumbuka kisa ambacho ukoo mzima ulikichekea pembeni, akaona liwalo na liwe.

"Mjomba, mwezi uliopita ngoma ya msiba ilipolia, ulikwenda wapi?"

Mjomba alikunja uso. Milima ile inarudisha sauti, hujui ngoma inalia kilima kipi. Ndiyo maana wafiwa huwasha majani mabichi, moshi uonyeshe nyumba. Siku ile mvua ilizima moto. Mjomba akafuata sikio, akaingia na kuku wake wa rambirambi, mwenyewe akilia kabisa, kwenye nyumba iliyokuwa ikipokea posa.

"Mtetemo ndio ngoma," Eufrazia alisema, maneno yakimtoka mbio. "Unasema kuna jambo, hausemi wapi hasa. Mwanga ndio moshi. Hautoki ndani ya shimo, unatoka kwenye gesi iliyolizunguka, ikisuguana mpaka ikawaka. Tukiuona, tunaijua nyumba."

Mjomba alicheka mpaka akakaa kwenye tuta. Eufrazia akajua ameshinda.

"Na huo moshi mmeshauona?"

Angeweza kusema ndiyo. Nani angekwenda kuhakikisha?

"Bado, mjomba. Hata ngoma yenyewe hakuna aliyewahi kuisikia."

Mjomba akaikunja barua, akamrudishia.

"Nakuuliza kama bidhaa ipo, unaniambia haipo," alisema. "Duka langu ungelifilisi kwa wiki moja. Nenda chuo."