Kisima Namba Saba Kimepakwa Rangi Nyekundu

1.

TANGAZO KWA WANANCHI WOTE WA KITONGOJI CHA IKONONGO

Maji ya Kisima Na. 7 yamepimwa na kukutwa na aseniki kupita kiwango kinachoruhusiwa. Sumu hii ni ya asili, imo ndani ya mwamba. Haina rangi. Haina harufu. Haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi. Pampu yenye rangi nyekundu isitumike kwa kunywa wala kupikia.

2.

Haina ladha! Mimi Mbuke, mjane wa Lushinge aliyekichimba kisima hicho kwa sururu, nakwambia wewe unayesoma: maji yale ni matamu. Muulize binti yangu.

3.

(Ujumbe wa sauti. Nkwimba, binti yangu wa pekee, kutoka Mwanza.)

"Shikamoo mama. Dumu limefika. Maji ya bomba yananitapisha, haya ya baba ndiyo yanatulia tumboni. Mjukuu wako anacheza nikiyanywa! Kuja sitaweza, kazi imenibana. Nitumie jingine tu."

4.

Nilivyomtumia, kwa kondakta wa basi:

dumu la lita ishirini, Jumamosi

dumu la lita ishirini, Jumamosi

dumu, Jumamosi

dumu

Miezi saba. Na kila mara niliyachemsha kwanza, tena sana, mwanangu asije akaumwa tumbo.

5.

Yaliyosikika kwenye foleni ya pampu ya shule, ile ya rangi ya kijani, iliyopimwa ikakutwa salama:

— Eti ni mawe.

— Mawe? Mawe nayo yana roho mbaya?

— Hayana nia, dada. Ndivyo yalivyo.

— Afadhali mchawi. Mchawi utamgombeza.

— Shhh. Mbuke huyo.

6.

Nilimfuata kijana wa maabara, bado anapaka rangi. Nikamuuliza: mjamzito akiyanywa je?

Brashi ikasimama.

"Aache leo, mama. Aende kliniki, awaambie."

Na mtoto?

"Aende kliniki, mama."

7.

Niseme wazi, atakayecheka na acheke: nina hamu ya kumwona mwanangu mpaka naumwa. Miaka minne hajalala nyumba hii. Mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwa mama yake, ndivyo sisi tulivyo. Yeye akachagua dumu. Haya. Angalau kila Jumamosi nilijua ananihitaji. Nikimwambia ni sumu, nitabaki na nini cha kumtumia?

Kwa hiyo nilimwambia nusu.

"Wiki hii maji hayaji."

8.

Simu. Leo, saa nne asubuhi.

"Mama, nimeshindwa kukaa bila hayo maji. Nimeomba ruhusa kazini. Niko stendi na begi langu. Nakuja kujifungulia kwako."

Furaha.

Jamani, furaha! Nilipiga kigelegele peke yangu uani, kuku wakatawanyika. Ningeweza kunyamaza. Angefika, ningemwekea maji ya shule, asingejua. Lakini miezi saba imo mwilini mwake, na kliniki hawatajua wasipoambiwa.

"Nkwimba. Usikate simu. Maji ya baba yako yana sumu. Nimekunywesha mimi, kwa mikono yangu."

 

 

"Mwanangu?"

Nasikia anapumua. Nasikia mpiga debe wa basi la kuja huku anaita Geita, Geita, nafasi moja. Panda, Nkwimba. Au usipande, anza kliniki, halafu

Basi linapiga honi, linaondoka. Simu haijakatika. Sijui kama yumo.