Kilima Kirefu cha Chupa Namba Saba

Wanafunzi wananiita Mama Chupa na sikasiriki. Miaka ishirini na miwili nimeosha vyombo vya maabara hii. Kinachonikera ni mtu kuniambia kwamba kuosha ni kazi ndogo. Basi ngoja niwasimulie jinsi kuosha kwangu kulivyotaka kumnyima Daktari cheo.

Daktari wetu si wa sindano, ni wa kemia. Mama mkwe wake mpaka leo hajaelewa, kila akija anamwonyesha goti. Kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta akitafuta dawa ambazo hazijazaliwa. Anachora molekuli, anaipachika kwenye protini ya kimelea cha malaria, anaangalia kama inakaa. Isipokaa, anachora nyingine. Nilimwambia huko ni kuchumbia picha. Akacheka, akaendelea kuchumbia.

Kwa picha hizo alifikisha makala kumi na nane kwenye majarida. Lakini kamati ya kupandisha vyeo ilishamrudisha mara mbili: dawa zako zote ziko kwenye kompyuta, ipo hata moja uliyoishika mkononi?

Baadaye ikapatikana moja, unga mweupe, robo kijiko, kwenye chupa namba saba. Aliutengeneza mwenyewe miezi minane, tukaupima kwenye mashine ya spektra. Unayeyusha unga kidogo, unautia kwenye mrija wa kioo mwembamba, na mashine inakuchorea vilima. Kila kilima kinakwambia sehemu fulani ya molekuli ipo. Kompyuta ilikuwa imetabiri kilima kirefu mahali fulani, na kweli kikatokea pale pale. Daktari alinikumbatia na koti langu limelowa. Makala ya kumi na tisa ikatoka na kilima hicho ukurasa wa kwanza.

Sasa ilikuwa mara ya tatu kuomba cheo, na ya nne hairuhusiwi. Siku moja kabla ya kikao akaniambia, "Mama, nipimie tena namba saba, nataka mchoro safi wa kuwaonyesha."

Nikapima. Kilima hakuna.

Nikapima tena. Vingine vyote vimesimama kwa adabu, kile kirefu hakipo. Nikakaa kwenye stuli, na hapo nikakumbuka tanuri. Tulipopima mara ya kwanza, tanuri la kukaushia mirija lilikuwa bado bovu, halijatengenezwa. Nilikuwa nasuuza mirija kwa asetoni, ile inayofutia rangi ya kucha, nakung'uta mara mbili, natia sampuli. Sasa likibaki tone, nalo lina kilima chake. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anakijua. Daktari hakukitambua kwa sababu kompyuta ilishamwahidi, na mtu anayesubiri mgeni akisikia hodi haulizi ni nani.

Niliogopa, sitaki kuwadanganya. Ningeweza kuulowesha mrija tena, tone moja tu, kilima kirudi na asijue mtu. Chupa ya asetoni nilikuwa nayo mkononi. Lakini mficha uchi hazai. Nikajikaza kisabuni, nikaenda ofisini kwake.

"Daktari, kile kilima si cha dawa yako. Ni cha kwangu."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo mama mkwe wake hajui kama anayajua. Akalia, nami nikalia. Halafu akajipangusa, akasema, "Kesho tunakwenda wote."

Kwenye kikao akaweka michoro miwili mezani, wa zamani na mpya. "Makala ya kumi na tisa naiondoa," alisema. "Kilima kile ni asetoni. Unga huu sijui tena ni nini."

Mwenyekiti, profesa mwenye makala mia moja na kumi, akaweka kalamu chini. Nikajua cheo kimekwenda na maji. Lakini akanigeukia mimi.

"Mama Chupa, tanuri lilikuwa bovu muda gani?"

"Miaka mitatu, Profesa. Nilileta barua nne ofisini kwako."

"Na mirija yangu, nani alikuwa anaosha?"

"Mimi, Profesa."

Mjumbe wa kushoto akaanza kuhesabu makala zake vidoleni. Wa kulia akaomba radhi, akatoka nje na simu.

Daktari alipata cheo. Kamati iliandika kwamba katika idara nzima, rekodi yake ndiyo pekee iliyohakikiwa. Wiki ile maprofesa walipanga foleni mlangoni kwangu, kila mmoja na chupa yake, wakiniamkia hata mchana.

Makala zake zimerudi kuwa kumi na tisa, maana ameandika mpya ya kusahihisha ile ya zamani, na jina langu limo, la pili baada ya lake. Vyombo vyote nilivyoosha vikang'aa, hakuna aliyeniandika popote. Nimeandikwa kwa mrija mmoja nisioukausha. Ukurasa huo nimeubandika juu ya sinki.