Mapafu ya Bi Sumaia Yagoma Kwenda Mazoezini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Bi Sumaia alifunga kapulana juu ya suruali ya michezo, akavaa raba za mumewe zilizojazwa matambara kwenye vidole, akashika njia. Nesi wa zahanati alikuwa amemwambia tensão, yaani presha, iko juu: atembee nusu saa kila siku, la sivyo ataanguka na sufuria mkononi. Pa kutembea palikuwa barabarani tu, kwenye vumbi jekundu, ambako malori arobaini ya kampuni ya kokoto yalipita kila asubuhi kwenda Palma yakitema moshi mweusi kama tanuri la mkaa.

Siku ya nne mapafu yake yaligoma. Yalifika naye hadi kwenye daraja dogo, yakageuka, yakarudi nyumbani. Bi Sumaia akamaliza nusu saa yake bila hayo. Aliporudi aliyakuta kibarazani, yamekaa mkekani, yametulia zake. Akayasuuza, akayavaa, ndipo akapata pumzi ya kuita.

"Zaida! Wee Zaida! Hivi mazoezi lazima mtu aende na mapafu?"

Zaida, binti wa kaka yake, alikuwa amerudi majuzi kutoka chuo kule Pemba mjini, na bado alikuwa na jibu la kila kitu. Akafikiri kidogo.

"Kinachotakiwa kushuka ni tensão, shangazi. Hiyo iko kwenye damu. Mapafu yabaki tu."

Basi yakabaki. Mwezi haujaisha, wanawake kumi na mmoja walikuwa wanatembea kila alfajiri, na kila mmoja kabla ya kutoka aliyaanika ya kwake kwenye kamba nyuma ya nyumba ya Bi Sumaia, upande usiofika vumbi. Kwa kuwa pumzi hawana, sauti pia hawana. Umbea waliupiga kwa nyusi.

Mara moja tu yalibadilishana. Bi Sumaia alikuwa anapepeta mchele, akajikuta anaimba kwaya, sauti ya pili, kwa Kimakonde. Jirani yake Benilde, Mmakonde aliyetoka Diaca, akafungua kinywa kanisani ikamtoka kasida.

"Haya, chukua yako," Benilde alisema jioni hiyo. "Mazito, utadhani yamekula pilau."

"Na yako yana kiherehere. Yaniamsha kabla ya jogoo."

Tensão ilishuka. Lakini Bi Sumaia hakuridhika. "Miaka hamsini na mbili nasema," alimwambia Zaida, "leo nitembee kama bubu? Nataka kutembea na pumzi yangu."

Kampuni ilikuwa na gari la kumwagia barabara maji, ila lilimwaga mbele ya nyumba ya wageni tu, pale mabosi wanapokimbia jioni. Zaida akaandika barua, kurasa mbili za Kireno cha chuo, kuomba gari hilo lifike na kwao. Jibu likaja: Alhamisi atakuja daktari kupima mapafu ya hao wanaotembea. Akiona vumbi, gari la maji litakuja.

Zaida alirukaruka na ile karatasi uani. "Sasa shangazi, sikilizeni wote. Siku tatu msiyaanike. Tembeeni nayo. Daktari ayaone yalivyo."

"Tumesikia."

Na kweli walitembea nayo, wakikohoa mpaka mbwa wakawahama. Jumatano jioni mapafu yote kumi na moja yalikuwa na rangi ya barabara.

Alhamisi asubuhi Zaida alikwenda njiapanda kumpokea daktari, kijana mpole aitwaye Tarique. Kufika nyumbani, gari lilikuwa bado halijasimama Zaida aliposikia harufu ya udi. Wanawake walikuwa wamejipanga uani, nyuso nyeupe kwa unga wa msiro, kapulana za Idi. Nyuma yao, kwenye kamba, mapafu jozi kumi na moja, yamefuliwa kwa sabuni, yamesuguliwa ndimu, yamefukizwa, yanang'aa. Ya Benilde yalikuwa yamepigwa pasi.

"Shangazi! Mmefanya nini?"

"Mgeni anakuja kukutazama mpaka ndani, umpokee na uchafu?" Bi Sumaia alimkata jicho. "Huko chuo mlisoma nini?"

Tarique aliyapima moja moja, akayanusa, akaandika. "Hongereni, mama zangu. Hata Maputo sijaona safi namna hii."

Wakapiga vigelegele. Zaida akamvuta pembeni. "Dotori, yamefuliwa. Maji machafu haya hapa, ndoo tatu za tope jekundu."

Tarique alizitazama ndoo kwa huruma. "Nimeziona, dada. Lakini fomu haina pa kuandika ndoo."

Ripoti ilikuja baada ya wiki mbili. Zaida akawasomea: mapafu safi, barabara haina madhara, gari la maji halihitajiki, malori yaongezwe yawe sitini.

"Soma tena hapo pa malori," alisema Bi Sumaia.

Akasoma tena. Bi Sumaia akakaza fundo la kapulana. "Nitamwambia mkurugenzi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Sisi ndio tuliyafua. Mtu akifua nguo haina maana hakulima."

Alikwenda ofisini mara mbili, akaambiwa asubiri. Mara ya tatu mkurugenzi alikuja mwenyewe. Ilikuwa alfajiri, wanawake wako katikati ya nusu saa yao, naye yuko ukingoni mwa barabara anasimamisha kibao cha kampuni: ENEO LA MAZOEZI, HEWA SAFI. Akamnyooshea Bi Sumaia mkono.

"Bom dia, mama. Mnasemaje?"

Bi Sumaia akafungua kinywa. Pumzi iko kwenye kamba.

Akainua kidole kimoja, asubiriwe, akageuka, akatimua mbio, raba zinampwaya. Akayanyakua, akayavaa anakimbia, akarudi, Zaida akitoka uani kumfuata. Gari la mkurugenzi lilikuwa limeshaondoka. Vumbi lake lilikuwa bado limesimama hewani, na nyuma yake lori la ishirini na mbili likaingia.

Bi Sumaia akalisema neno lake lote hata hivyo, mwanzo hadi mwisho, mbele ya kibao. Akakohoa mara nne. Kisha akayavua, akamkabidhi Zaida ayarudishe nyumbani, akamalizia dakika zake kumi na mbili zilizobaki.