Gauni Lililobaki Motoni

Tulipotoka kumzika baba mdogo, aliyekuwa fundi cherehani, kinyozi wa duka la jirani aliomba kaburi liandikwe "Shujaa". Ruhusa ilikuwa ya mjane wake, mama mdogo.

"Shujaa gani?" akasema huku akifuta machozi. "Duka lake lilipowaka aliingia kufuata gauni la bibi harusi. Wewe alikukuta tu, umelilalia."

Ni kweli, kinyozi alikuwa na mazoea ya kulala mchana juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Najua, shemeji. Alinipiga teke akisema, 'Amka, unakunja nguo ya watu!'"

Waombolezaji wakaziba midomo wasicheke.

"Lakini moshi ulinilevya, nikaanguka kabla ya kufika mlangoni. Yeye alikuwa amelikumbatia gauni. Akalitupa, akanibeba mimi."

Mama mdogo akamgeukia kinyozi. Miaka yote mumewe alimwambia gauni lilimponyoka.

"Na mama wa bibi harusi nani alimwambia kuwa gauni limeungua?"

"Yeye mwenyewe. Alimfuata asubuhi yake, na harusi ilikuwa kesho yake."

"Yule mama? Alikwenda na nani?"

"Peke yake. Alinisihi nimsindikize, nikakataa. Nilimwambia bora anirudishe kwenye moto."

Mama mdogo alimjua yule mama. Mtaa mzima unamjua, hata mbwa humpisha njia. Akapenga kamasi, akatutazama sote.

"Andikeni," akasema. "Tena kwa herufi kubwa, yule mama aone akipita."