Kuku Walioota Mizizi

Kila asubuhi Tekla hufungua mlango wa banda kwa mguu, kwa sababu mkono mmoja umeshika kopo la pumba na mwingine ndoo ya maji. Kuku hutoka wakisukumana, jogoo mwekundu akiwa wa kwanza. Wakishaanza kudonoa, yeye huinama na kuingia ndani kuokota mayai. Jumanne ile alisukuma mlango kwa mguu, akamwaga pumba chini, akasubiri. Hakutoka kuku hata mmoja.

Alichungulia. Kuku wote walikuwa wamesimama sakafuni wakimtazama. Alimshika tetea mweusi, akamvuta. Tetea hakusogea. Alikuwa amekamata ardhi kama kitunguu saumu kilichosahauliwa shambani mpaka udongo ukakauka. Tekla alipiga magoti, akafukua kwa vidole, akaona kucha za tetea zimegeuka mizizi myeupe iliyoshuka chini. Mgongoni, kati ya manyoya, majani madogo ya utupa yalikuwa yanafunguka.

Aliokota pumba aliyoimwaga, akawapelekea kulekule ndani, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaokota mayai.

Jirani yake Akonaay alipita na punda wake wakienda kuchota maji.

"Na wa kwako pia?" aliuliza.

"Na wangu."

"Wa kwangu tangu juzi. Heri hivyo, mwewe hawezi kuwabeba."

Akawachapa punda, akaendelea na safari.

Kila mtu wa kijiji cha Tumati anaujua mti wa utupa. Majani yake hupondwa na kulowekwa, na kuku mwenye utitiri huogeshwa kwa maji hayo huku kichwa chake kikishikiliwa juu asije akameza. Maji yanayobaki hufukiwa shimoni. Watoto huonywa mapema, kama wanavyoonywa kuhusu moto. Lakini mwaka huu chanjo ya mdondo, ugonjwa unaomaliza kuku, haikufika, na Vitalis alileta chupa. Ilikuwa na picha ya jogoo, neno ASILI kwa herufi kubwa za kijani, na maelezo kwamba dawa ichanganywe kwenye maji ya kunywa. Ndani yake ulikuwa utupa uleule, umechemshwa mpaka ukawa mweusi. Watu waliunusa, wakautambua. Kisha wakasoma chupa, wakawanywesha kuku.

Vitalis ni kaka mkubwa wa mume wa Tekla. Anaishi Mbulu mjini, ana pikapu yenye spika, na watu humwita daktari ingawa hakuna anayekumbuka alisomea wapi. Mume wa Tekla, Nikolausi, huendesha trekta mashambani Hirbadaw na hurudi mavuno yakiisha. Kwa hiyo nyumbani wapo Tekla, binti yake Rahel mwenye miaka mitano, na mama mkwe, Mectilda, ambaye akisema "mwanangu" bila kutaja jina, anamaanisha Vitalis.

Vitalis alikuja jioni ileile.

"Shikamoo, shemeji," Tekla alisema.

"Marahaba. Nasikia kuna habari huko bandani."

"Kuku wameota mizizi."

"Hebu nione."

Aliingia, akatazama huku na huku kama mtu anayekagua nyumba aliyojengewa. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akaanza kuchuma majani kwenye mgongo wa tetea mweusi na kuyatia kwenye mfuko. Tetea alifumba macho kila jani lilipokatwa.

"Unaona hii? Dawa imekaa mwilini. Hizi za madukani zinapita tu. Sasa tutapata dawa ya kuku kutoka kwa kuku mwenyewe."

"Hawatembei, shemeji."

"Kwani kuku ana safari ya wapi?"

Mectilda, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Wanataga?" Vitalis aliuliza.

"Wanataga."

"Sasa unalalamika nini, shemeji? Ukichota maji unakuta kuku ulipowaacha. Wenzako wanalipia uzio."

Tekla alikuwa na maneno mdomoni. Lakini mke wa mdogo hamkosoi shemeji mkubwa, na mbele ya mama yake ndiyo kabisa. Akayameza.

"Chai iko tayari," alisema.

Kesho yake alikuja afisa mifugo wa kata, Kenneth, kijana aliyehamishiwa hapa kutoka Kagera na ambaye bado huvaa makoti mawili asubuhi. Alichuchumaa bandani, akagusa mizizi, akanusa jani. Akalirudisha haraka mahali alipolitoa, kana kwamba lingeweza kushika tena.

"Ni hii dawa ya chupa?" Tekla alimuuliza.

Kenneth alitazama pikipiki yake. Ofisi haikuwa na mafuta tangu chanjo ilipokosekana. Aliyekuwa anaijazia tangi ni Vitalis.

"Dawa za asili zina faida zake na changamoto zake," alisema. "Sisi tunashauri matumizi sahihi."

"Matumizi sahihi ni yapi?"

"Yaliyoandikwa kwenye chupa."

Akakubali mayai mawili ya kuchemsha, akashukuru, akaondoka. Mayai aliyaweka kwenye mfuko wa koti. Kwenye kona ya barabara alisimamisha pikipiki, akayatupa kwenye majani. Tekla alimwona. Alirudi ndani, akaondoa mayai yote jikoni, akayafukia mbali. Rahel alikuwa amekula yai kila siku tangu mvua za kwanza, kwa sababu alikuwa mwembamba na kliniki walisema apewe.

Jumapili, Mectilda alikuwa anamsuka mjukuu wake baada ya kanisa. Nyuma ya sikio la kushoto alikuta jani. Alilivuta, na mtoto akalia. Mectilda alilinusa, akalikunja kwenye pindo la khanga yake, akaendelea kusuka. Siku iliyofuata jani lilikuwa limerudi, na lilikuwa na mwenzake; safari hii Tekla aliyaona.

Tekla alimpeleka mtoto zahanati. Muuguzi, Salma, alimpima uzito, akamtazama nyuma ya masikio, akaandika.

"Amekula kuku wa dawa?"

"Mayai."

"Wamekuja wengi. Sisi hatujapewa mwongozo wa majani." Aliangalia miguu ya Rahel. "Mvishe viatu. Asisimame peku sehemu moja muda mrefu."

"Basi?"

"Basi, dada yangu. Na mayai usimpe."

Rahel alivaa viatu, lakini watoto huvua viatu. Alhamisi Tekla alimkuta amesimama kando ya karo, akicheza na povu la sabuni.

"Mama, mguu hautoki," alisema, bila kulia.

Tekla alichukua jembe dogo, akachimba polepole kuzunguka ule mguu, kama mtu anayehamisha mche. Mizizi ilikuwa myembamba kama nywele. Iliyokatika ilitoa damu. Alimwosha miguu, akamfunga vitambaa, akambeba mgongoni. Tangu hapo hakumshusha ila kitandani.

Siku ya mnada Vitalis aliegesha pikapu uwanjani. Nyuma yake aliinjika sufuria kubwa, na kando yake yakapangwa magunia ya majani yaliyochumwa kwenye mabanda ya Tumati. Spika iliimba kwamba asili haina madhara. Foleni ilifika mpaka kwa wauza mitumba. Kenneth alikuwepo, kofia ya pikipiki mkononi, akisoma maandishi ya chupa kwa makini. Vitalis alikuwa ameagiza shemeji yake aje kutoa ushuhuda.

"Usituaibishe," Mectilda alikuwa amemwambia asubuhi. Sasa alisimama mbele kabisa, amevaa kitenge kipya.

"Huyu ni mke wa mdogo wangu," Vitalis alitangaza. "Kuku wake ndio wa kwanza kunywa. Shemeji, waambie wenzako."

Akampa kipaza sauti.

"Wanataga," Tekla alisema.

Watu wakapiga makofi. Vitalis alimgeukia Rahel mgongoni kwa mama yake, akaona majani.

"Na mtoto amestawi, jamani, tazameni!"

Akanyoosha mkono, akachuma. Rahel alipiga kelele mara moja. Vitalis akalirusha jani kwenye sufuria, na likazama pamoja na mengine.

Tekla alikuwa bado ameshika kipaza sauti.

"Hii ni sumu," alisema, na spika ikaipeleka sauti yake mpaka mnada wa ng'ombe. "Kila aliye kwenye foleni anaujua huu mti. Na wewe, bwana mifugo, unajua. Ulitupa mayai yangu njiani."

Kenneth aligeuza chupa, akaanza kusoma upande wa pili.

"Tekla!" Mectilda aliita.

Vitalis alimnyang'anya kipaza sauti, akitabasamu.

"Shemeji amechoka, ndugu zangu. Mtoto anamlemea. Anayefuata."

Akonaay alisogea, akanyoosha mkono kupokea chupa. Foleni ikasogea nyuma yake.

Tekla hakuondoka. Tangu aolewe hakuwahi kumwita shemeji yake kwa jina.

"Vitalis," alisema, bila spika. "Unaniulia mtoto."